Kuipasha Nyumba Joto kwa Gharama Nafuu Katika Baridi ya Maine

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili walioko katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako watu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wamefanya maskani katika miji ya Portland na Lewiston, na ambako msimu wa kupasha nyumba joto huanza mwezi wa Oktoba na aghalabu hauishi kabla ya Aprili. Aliyekulia Bukavu au Njombe huenda anaijua baridi ya alfajiri itibiwayo kwa sweta na kikombe cha chai. Lakini baridi ya Januari mjini Portland, ambayo usiku wa kawaida hushuka mpaka kiasi cha digrii 15 za Fahrenheit, yaani -9 za Selsiasi, si jambo la sweta peke yake, bali ni jambo la fedha, la siha, na mara nyingine la uhai.

Gharama ya joto haitegemei sana ukubwa wa moto uuwashao kama itegemeavyo mambo unayoyatanguliza. Kwanza lihifadhi joto ulilo nalo; pili kitunze chombo kinacholileta; tatu, ndipo ufikiri juu ya kununua chombo kingine. Wengi huenda kinyume cha utaratibu huu: hukimbilia dukani kununua hita ya umeme siku ya kwanza ya theluji, na bili ya Februari ikifika hudhani kwamba kampuni ya umeme imekosea hesabu.

1. Sababu kwanza: joto hupotea kwa njia gani

Joto daima huhama kutoka palipo na moto kwenda palipo na baridi, na katika nyumba ya Maine, ambayo aghalabu ni ya mbao na mara nyingi ni ya zamani sana, hupata njia mbili za kutorokea. Njia ya kwanza ni kupenya katika kuta, dari na vioo vyenyewe, polepole lakini saa zote. Njia ya pili ni kutoka pamoja na hewa: hewa iliyopashwa moto huwa nyepesi ikapanda, ikapata upenyo darini penye tundu la waya wa taa, pembeni mwa dohani, au katika mlango mdogo wa kupandia darini, na kadiri itokavyo juu, ndivyo hewa ya baridi ya kiasi kile kile ivutwavyo ndani kutoka chini, kwa kupitia nyufa za chumba cha chini ya ardhi, uvungu wa mlango na pembe za madirisha. Ndiyo maana miguu huganda ilhali kichwa kina joto, na ndiyo maana mafundi huanza kuziba darini na chini ya nyumba, ijapokuwa macho ya mwenyeji hutazama madirisha kwanza. Kuongeza moto katika nyumba ya namna hii bila ya kuiziba ni kuteka maji kwa pakacha.

> HADHARI ITANGULIAYO YOTE
>
> Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa uwakao hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na nyumba iliyofungwa dhidi ya baridi haina pa kuitolea. Katazo hili ni pia juu ya jiko la gesi la kambini, jenereta, gari lililowashwa ndani ya gereji, na jiko la kupikia linaloachwa wazi mlango wa oveni ili lipashe chumba.
>
> Dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na uchovu unaowapata watu wote wa nyumba pamoja, kisha ukapungua watokapo nje.
>
> La kufanya: tokeni nje nyote mara moja, pigeni simu 911, wala msirudi ndani mpaka wazimamoto watoe ruhusa.
>
> Kinga: king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala, kikijaribiwa kila mwezi. Sheria ya Maine humtaka mwenye nyumba ya kupangisha akiweke. Kama hakipo, kidai leo.

2. Ijue nyumba yako kabla ya theluji

Tenga siku moja ya Septemba au Oktoba, siku yenye upepo ikiwezekana, uikague nyumba kwa mpango huu:

1. Tambua chombo cha joto. Kama kuna mabomba ya maji ya moto yaliyofunikwa kwa bati refu chini ya kuta, una boila. Kama hewa ya moto hutoka katika vitundu vya sakafuni au ukutani, una tanuri la hewa. Kama kuna kisanduku ukutani kipulizacho joto, na mwenziwe mwenye feni yuko nje, hiyo ni pampu ya joto. Maine ndilo jimbo la Marekani ambalo sehemu kubwa kupita yote ya kaya zake hutumia mafuta, kwa hiyo yamkini chini ya nyumba yako lipo tangi la chuma.

2. Tafuta swichi nyekundu. Katika nyumba za mafuta, aghalabu kwenye kichwa cha ngazi za kushukia chini, pana swichi yenye kibao chekundu, inayofanana kabisa na ya taa. Hiyo huzima boila au tanuri wakati wa hatari. Mgeni au mtoto huibonyeza akidhani anazima taa, nyumba ikapoa usiku kucha, na fundi akaitwa kwa malipo ya dharura ili aje kuinua swichi. Waonyeshe watu wote wa nyumba.

3. Tafuta koki kuu ya maji, ijaribu kama inafunga, na uifungie kitambaa cha rangi ili ionekane upesi bomba likipasuka.

4. Zisake nyufa kwa moshi wa udi. Funga madirisha yote, zima feni, washa kijiti cha udi, kisha kipitishe polepole pembezoni mwa madirisha, milango, soketi za kuta za nje, na mahali mabomba yanapoingia. Moshi ukipanda wima, hapana ufa. Ukiyumba au ukirudishwa ndani, tia alama kwa kalamu. Kiweke kijiti mbali na mapazia.

5. Anza daftari. Andika kipimo cha tangi au mita, tarehe, na halijoto ya nje, kila wiki. Mali bila daftari huisha bila habari, na mafuta ndiyo mali iishayo upesi kuliko zote.

3. Kuziba nyufa

Kazi hii ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, na sehemu yake kubwa mpangaji aweza kuifanya mwenyewe bila ya kuharibu nyumba ya mtu.

1. Anza juu. Mlango wa kupandia darini uwekewe utepe wa sponji ukingoni, na juu yake kifuniko kinene cha sponji ngumu. Mianya ya pembeni mwa dohani usiijaze povu wala sponji, maana hushika moto. Hiyo ni kazi ya bati na gundi isiyoungua, na yafaa mwenye nyumba amlete fundi.

2. Kisha chini. Ziba mianya ya mahali mbao za nyumba zinapokalia ukuta wa mawe au zege, na pembeni mwa madirisha madogo ya chumba cha chini.

3. Milango. Bandika utepe wa sponji kwenye fremu, na weka kizibo cha mpira chini ya mlango. Hata blanketi kuukuu lililokunjwa na kushonwa kama gunia jembamba hufaa.

4. Madirisha. Funga kile kitasa cha katikati: watu wengi hushusha kioo bila ya kukifunga, na vipande viwili vya dirisha vikabaki bila ya kubanana. Kisha weka nailoni ya dirisha, kama ifuatavyo hapa chini.

5. Pazia. Fungua mapazia ya upande wa kusini mchana jua linapowaka, na uyafunge yote jua likitua. Yasifunike bomba la joto lililo chini ya dirisha, ama sivyo utakuwa unalipasha dirisha.

Namna ya kuweka nailoni ya dirisha. Vifurushi vyake huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, navyo huwa na nailoni nyembamba na utepe wenye gundi pande mbili. Futa fremu kwa kitambaa chenye spiriti, ikauke kabisa, maana gundi haishiki penye vumbi wala penye unyevu. Bandika utepe pande zote nne, na uusugue kwa kidole. Kata nailoni ikiwa imezidi kwa inchi mbili kila upande, ibandike kuanzia juu, ukiivuta kwa upole, usijali mikunjo. Kisha chukua mashine ya kukaushia nywele, uipitishe umbali wa inchi mbili au tatu, ukianza pembeni na kumalizia kati, nawe utaiona mikunjo ikijikaza yenyewe mmoja baada ya mwingine mpaka nailoni ikawa kama kioo. Hewa iliyonaswa kati ya kioo na nailoni ndiyo kinga yenyewe. Usifunge hivi dirisha ambalo ndilo njia ya kuokokea moto ukitokea.

Ipo pia jumuiya ya kujitolea iitwayo WindowDressers, iliyoanzia Maine, ambayo wanachama wake hukusanyika kutengeneza fremu za msonobari zenye nailoni pande mbili, zitoshazo ndani ya dirisha na kutumika miaka mingi, na wenye kipato kidogo hupunguziwa bei. Madirisha hupimwa mapema, miezi mingi kabla ya baridi, kwa hiyo uliza wakati wa majira ya joto.

4. Kuitumia themostati kwa akili

Themostati ni amri ya kikomo, wala si amri ya kasi. Ukiiweka 85, nyumba haitapata joto upesi kuliko ukiiweka 68. Itapita tu pale ulipopataka, na mafuta yatakuwa yameungua bure.

| Fahrenheit | Selsiasi | Matumizi yake |
|---|---|---|
| 70 | 21 | Mtoto mchanga au mgonjwa |
| 68 | 20 | Mchana, watu wakiwa macho |
| 64 | 18 | Kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani |
| 60 | 16 | Watu wazima wenye siha wakiwa wamelala, au nyumba haina mtu mchana |
| 55 | 13 | Chini ya hapa usishushe kabisa, hata ukisafiri |

Wizara ya Nishati ya Marekani hueleza kwamba mtu apunguzaye digrii 7 mpaka 10 za Fahrenheit kwa saa nane kila siku aweza kuokoa mpaka asilimia 10 ya gharama ya mwaka. Shauri hili ni kwa boila na tanuri. Pampu ya joto, kinyume chake, hupenda kuachwa palepale, kwa kuwa hufanya kazi kwa uchache wa umeme inapokwenda polepole bila ya kusimama. Ukiizima usiku na kuilazimisha asubuhi, akiba yote huweza kupotea.

5. Kutunza tangi, boila na tanuri

Boila iliyojaa masizi hula mafuta mengi na kutoa joto haba. Isafishwe na fundi mwenye leseni kila mwaka kabla ya msimu. Wewe mwenyewe fanya haya:

1. Kama una tanuri la hewa, tazama chujio lake kila mwezi, na ulibadilishe likiwa limeziba. Aghalabu ni kila mwezi mmoja mpaka mitatu.
2. Futa vumbi katika mabomba ya chini ya kuta, na usogeze kochi au kitanda kinachoyaziba.
3. Soma kipimo cha tangi kila wiki. Tangi la kawaida ni la galoni 275. Kipimo kikifika robo, agiza, usingoje sindano iguse chini, maana dhoruba ikija gari la mafuta huchelewa.
4. Uliza bei kwa wauzaji watatu, na umwulize kila mmoja kiasi cha chini anacholeta. Wengi hutaka galoni 100, na chini ya hapo huongeza ada. Serikali ya jimbo hutangaza wastani wa bei, nawe waweza kuutumia kuwa mizani.
5. Kama tangi liko nje, kama lilivyo katika nyumba nyingi za kuhamishika, uliza kama lataka mafuta ya taa, kwa maana mafuta mazito huganda mrijani katika baridi kali.

Mafuta yakiisha usiku. Katika nyumba itumiayo mafuta ya kawaida ya kupashia joto, galoni tano za dizeli kutoka kituo cha magari huweza kuvusha siku moja au mbili. Zima swichi nyekundu kwanza, mimina kwa uangalifu, ngoja dakika kumi takataka zitulie, kisha washa. Kamwe usitie petroli. Ikiwa haikuwaka, bonyeza kitufe cha kuwashia upya mara moja tu: kila ubonyezapo, mafuta hupulizwa katika chumba cha moto, na yakikusanyika kisha yakashika, hulipuka. Ikikataa, mwite fundi aondoe hewa mrijani.

6. Hisabati ya bei ya joto

Galoni ya mafuta, galoni ya gesi na yuniti ya umeme, yaani kilowati moja kwa saa, hazilingani kwa macho, kwa hiyo yapasa kuzipima kwa mizani moja. Njia iliyo nyepesi ni kuuliza: yuniti moja ya joto lililofika chumbani imenigharimu senti ngapi? Baada ya kuondoa kiasi kinachotoka na moshi, galoni moja ya mafuta hutoa takriban yuniti 34 za joto, ya mafuta ya taa 33, na ya gesi ya mtungi 24. Hita ya umeme hutoa yuniti moja kwa kila yuniti ilayo, hata iwe ya bei gani na tangazo lake lisemeje. Pampu ya joto haizalishi joto, bali huliteka nje na kulileta ndani, na kwa sababu hiyo katika wastani wa msimu hutoa yuniti mbili na nusu, pengine tatu, kwa yuniti moja ya umeme.

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Weka bei za leo za mtaani kwako.

| Chanzo | Bei ya mfano | Hesabu | Yuniti ya joto |
|---|---|---|---|
| Mafuta | dola 3.40 kwa galoni | 340 ÷ 34 | senti 10 |
| Mafuta ya taa | dola 4.29 kwa galoni | 429 ÷ 33 | senti 13 |
| Gesi ya mtungi | dola 3.36 kwa galoni | 336 ÷ 24 | senti 14 |
| Pampu ya joto | senti 25 kwa yuniti | 25 ÷ 2.5 | senti 10 |
| Hita ya umeme | senti 25 kwa yuniti | 25 ÷ 1 | senti 25 |

Chukua hita moja ndogo ya wati 1,500. Ikiwaka saa 10 kila siku hula yuniti 15, na kwa siku 30 ni yuniti 450. Kwa bei ya mfano wetu ni dola 112 na senti 50, kwa chumba kimoja. Hita ina faida mahali pamoja: mtu mmoja akikaa katika chumba kimoja kwa saa chache, na nyumba iliyobaki ikashushwa joto. Ukiwasha hita tatu kwa pamoja huku boila nayo ikinguruma, umelipa mara mbili.

7. Pampu, hita na kuni: usalama wa kila kimoja

Pampu ya joto. Serikali ya Maine iliweka nia mwaka 2019 ya kufunga pampu 100,000 kufikia mwaka 2025, na nia hiyo ikatimia mwaka 2023, kabla ya muda. Taasisi ya Efficiency Maine hutoa ruzuku ya kufungia pampu, na ruzuku huwa kubwa kwa wenye kipato kidogo. Miundo ya nchi za baridi huendelea kutoa joto hata katika -13 za Fahrenheit, yaani -25 za Selsiasi. Osha machujio yake kila mwezi, fagia theluji pembeni mwa kisanduku cha nje, na usiling'oe tangi la mafuta wala boila kabla ya kupitisha msimu mmoja wa kuijaribu pampu.

Hita ya umeme. Iwe umbali wa futi tatu kutoka kitandani, pazia na nguo. Ichomeke moja kwa moja ukutani, kamwe si katika waya wa kurefushia. Izime ulalapo. Nunua ile inayojizima ikianguka.

Kuni. Kipimo kamili cha kuni ni fungu lenye urefu wa futi 8, upana futi 4 na kimo futi 4, yaani futi za ujazo 128. Pima kwa utepe kabla ya kulipa. Kuni ziwe zimepasuliwa na kukaushwa kwa miezi sita au zaidi, maana kuni mbichi hutumia moto wake mwenyewe kukausha maji yaliyomo, na moshi wake hugandisha lami ndani ya dohani, ambayo siku moja hushika moto. Dohani isafishwe kila mwaka, na majivu yatiwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta.

Hita ya ukutani itoayo moshi kwa bomba la nje. Baada ya kila dhoruba, toka nje uondoe theluji mbele ya bomba hilo. Likizibwa, ile gesi iliyotajwa katika hadhari ya kwanza hurudi ndani.

8. Mabomba ya maji na unyevu

Maji yakiganda hutanuka, na bomba hupasuka. Hasara ya usiku mmoja hupita akiba ya msimu mzima. Usiku wa baridi kali fungua makabati yaliyo chini ya sinki za kuta za nje ili joto liingie, na uache bomba lidondoshe maji kidogo kidogo. Bomba likiganda, fungua koki yake, kisha lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianza upande wa koki. Usitumie moto wa wazi hata kidogo. Likiwa limepasuka, funga koki kuu.

Nyumba iliyozibwa hunasa pia mvuke wa sufuria na wa nguo zinazoanikwa ndani, na mvuke huo hugeuka maji juu ya vioo, kisha ukungu mweusi nyuma ya kabati. Washa feni ya bafuni na ya jikoni, fungua dirisha kwa dakika tano baada ya kupika, na usogeze samani kidogo kutoka kuta za nje.

9. Haki ya mpangaji, na misaada iliyowekwa

Sheria ya Maine humtaka mwenye nyumba awe na chombo kinachoweza kukifikisha chumba digrii 68 za Fahrenheit, hata nje kukiwa -20. Kama joto halifiki, pima kwa kipimajoto futi tatu kutoka ukuta wa nje na futi tano kutoka sakafuni, andika saa na tarehe, piga picha, na umwandikie mwenye nyumba. Ushahidi wa maandishi hauna mfano wake. Tena, kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba ambayo wewe ndiwe utakayelipa joto, una haki ya kuonyeshwa taarifa ya matumizi ya nishati, na ya kuwauliza wauzaji wa nishati hiyo gharama ya miezi 12 iliyopita. Kodi nafuu yenye bili kubwa ya mafuta si kodi nafuu.

Misaada ipo, na kuiomba si aibu:

- Msaada wa kulipia joto (HEAP), uliotokana na mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1981, husimamiwa na MaineHousing kupitia mashirika ya jamii ya kila wilaya. Wapangaji nao huomba. Omba mapema, kabla ya foleni ya Desemba.
- Mpango wa kuhami nyumba, ulioanza mwaka 1976, huwaletea wenye kipato kidogo mafundi wa kuziba nyufa na kujaza vihami joto.
- Ofisi ya mji wako hutoa msaada wa jumla, pamoja na mafuta, kwa aliye katika shida.
- Umeme: kati ya Novemba 15 na Aprili 15 kampuni haiwezi kukukatia kwa deni bila ya idhini ya tume ya jimbo. Deni halifutwi, kwa hiyo panga malipo ya kidogo kidogo.

Piga 211 kuuliza pa kuanzia. Beba vitambulisho, uthibitisho wa mapato ya kaya, na bili. Omba mkalimani wa Kiswahili. Shirika lipokealo fedha za serikali kuu lapaswa kukupatia bila malipo, na haifai kumfanya mtoto wako awe mkalimani wa mambo ya fedha.

10. Makosa yatendwayo mara kwa mara

- Kununua hita kabla ya kuziba nyufa.
- Kuipandisha themostati mpaka mwisho ili nyumba iwahi kupata joto.
- Kuiacha nyumba chini ya digrii 55 kwa safari ya siku mbili.
- Kufunga matundu ya joto ya vyumba vingi kwa pamoja, mpaka tanuri likakosa hewa.
- Kuondoa betri ya king'ora kwa sababu hulia wakati wa kukaanga.
- Kungoja tangi liishe ndipo kuomba msaada.

Orodha ya ukaguzi ya msimu

Septemba na Oktoba
☐ Fundi amesafisha boila au tanuri, dohani imefagiliwa
☐ Nyufa zimesakwa kwa moshi na kuzibwa
☐ Ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksaidi vimejaribiwa
☐ Ombi la HEAP limepelekwa

Novemba
☐ Nailoni ya madirisha imewekwa
☐ Tangi lina zaidi ya nusu
☐ Kila mtu anaijua swichi nyekundu na koki kuu ya maji

Desemba mpaka Machi, kila wiki
☐ Kipimo cha tangi au mita kimeandikwa daftarini
☐ Chujio limetazamwa (hili mara moja kwa mwezi)
☐ Mabomba ya moshi ya nje na pampu hayana theluji

Aprili
☐ Jumla ya galoni na yuniti za msimu imepigwa
☐ Vyumba vilivyokuwa na baridi kuliko vingine vimeandikwa, ili vianzwe mwakani
☐ Bei ya mafuta imeulizwa kwa wauzaji watatu kabla ya msimu ujao